Faida ya kusomea Nairobi
Faida yake si starehe za jiji tu, ndugu. Kusomea Nairobi kunakuweka karibu na vitu vyenyewe. Toka bewa kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi unatembea kwa miguu hadi jumba la Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue. Zile barua za serikali ya kikoloni zinazotajwa kwenye tanbihi za vitabu, pale unaletewa faili mezani, karatasi zimeshageuka rangi ya chai, na maandishi ya D.C., yaani mkuu wa wilaya, yapo pembeni. Mwenzako anayesomea Eldoret lazima atafute nauli na pa kulala kwanza. Mwanafunzi wa sheria wa hapa naye anaingia Mahakama ya Juu, City Hall Way, anawasikiliza mawakili wakubwa bure, maana kesi husikilizwa hadharani. Nilisomea historia, ndiyo maana nazisifu nyaraka zaidi.

Ila nafasi za mafunzo ya nyanjani zisikudanganye: ofisi ni nyingi kweli, lakini vyuo navyo vimejazana hapa, mnagombania dawati moja. Na usipopata hosteli, kodi ya nyumba mtaa wa Ngara itakutoa jasho.