Sufuria ya ugali na shoga yangu wa Tanga

Mdogo wangu, umeniuliza kama ni kweli Wakenya ni wachafu kukaa nao, maana umepata chuo Nairobi na mama anasisitiza upange na Watanzania wenzako. Nakujibu bila kuficha, na mama msomee pia.

Nimekaa Roysambu mwaka wa nne huu, vyumba viwili, watu watatu. Aliyenitesa si Mkenya. Ni shoga yangu, mtu wa Tanga kama sisi, niliyemkaribisha mwenyewe kwa sababu tu anasema "naomba chai" na si "nipe chai".

Anasonga ugali usiku, anaacha sufuria kwenye sinki na maji kidogo, eti ilowe. Inaanza kulowa Jumatatu. Ikifika Jumatano ukoko umejikunja kingo kama gaga la kidonda, maji yamechachuka, na ukiwasha taa mende wanashuka mmoja mmoja bila haraka, kama abiria waliokwisha lipa nauli. Mimi naosha, sisemi. Si unajua kwetu, mtu mzima haambiwi aoshe chombo, anapigwa kijembe. Basi nikaweka kijembe changu WhatsApp. Akakiwekea moyo.

Halafu kuna maji. Nairobi inategemea sana bwawa la Ndakaini, huko Murang'a, na jiji limeshalizidi, kwa hiyo ni mgao. Mtaani kwetu yanakuja siku mbili kwa wiki, mara nyingi usiku, ukisikia bomba linakohoa unakimbilia madumu. Siku moja shoga yangu akafungua bomba la jikoni, akalikuta kavu, akaliacha hivyohivyo wazi, akalala. Saa tisa usiku jirani wa chini anagonga mlango kwa ngumi: dari lake linadondosha maji juu ya godoro. Godoro nililipa mimi, kwa sababu mkataba una jina langu.

Kulipokucha, dada wa Nakuru tunayekaa naye akabeba ile sufuria hadi mlangoni kwa shoga yangu. "Wewe, hii utaosha saa ngapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Shoga yangu akasema "haya", akaosha. Basi! Miezi minane nimesugua masufuria huku nimenuna, kumbe mwenzangu hakuwa na habari.

Kwa hiyo ukija usichague mtu kwa ukwetu. Muulize usiku wa maji anaamka nani. Muulize tokeni za stima (ndiyo LUKU ya huku) zinanunuliwaje, kwani Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya Julai wewe wa Tanga huijui. Mtu anaweza kusimama chini ya hita ya bafuni nusu saa akila umeme wa watu watatu. Gesi changeni mapema, ule mtungi wa kilo 6 hupenda kuisha maharage yakiwa bado magumu. Na mkataba andikeni majina yote kama mwenye nyumba atakubali.

Shoga yangu bado ninaishi naye. Sasa hivi saa nne usiku, kala ugali wake, sufuria iko kwenye sinki. Nimeshampigia kelele kutoka hapa sebuleni. Anasema anakuja. Namsikiliza.