Ganzi Miguuni na Kazi ya Maabara

SWALI: Ninapima kiasi cha mafuta katika mbegu za alizeti kwa kutumia heksani (kimiminika cha kuyeyushia mafuta), na sasa vidole vyangu vya miguu vinakufa ganzi. Feni ya kuvuta mvuke imeharibika. Kila nikiomba itengenezwe naambiwa nisubiri. Je, kuna uhusiano? — Mkemia, Singida

JIBU: Uwezekano upo, nami nakusihi usiupuuze. Ini hugeuza heksani kuwa sumu inayodhuru kwanza mishipa mirefu ya fahamu, ndiyo maana ganzi huanzia miguuni. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa na hutanda chini, hivyo dirisha pekee halitoshi. Hata hivyo, kisukari na upungufu wa vitamini B12 pia huleta ganzi ya namna hiyo. Mwone daktari mapema, umtajie kemikali unayotumia, jambo ambalo wagonjwa wengi husahau. Hali inaweza kuzidi kwa wiki kadhaa hata baada ya kuacha kuvuta mvuke huo, kisha nafuu huja polepole.

Kusubirishwa huko hakukubaliki kabisa. Andika ombi rasmi, ubaki na nakala, na usipojibiwa uwaone wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wanaosimamia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Feni isipofanya kazi, upimaji huo usimame.