Kumtafuta mwanasaikolojia mwenye leseni Mombasa

Dada, umeuliza utampataje mwanasaikolojia wa kliniki mwenye ofisi yake binafsi hapa Mombasa, atakayemhudumia mdogo wako, na utajuaje kwamba si mbabaishaji. Anzia kwenye Bodi ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014: kabla ya kuweka miadi, mwombe mhusika jina lake kamili na nambari yake ya usajili, kisha uvithibitishe kwa bodi yenyewe. Ukifika ofisini, usiridhike kuona cheti kimetundikwa ukutani, bali soma kimetolewa na nani na muda wake unaisha lini, kwa maana hata vyeti vya semina za siku mbili hutiwa fremu za kupendeza. Mwenye leseni halali haoni vibaya kuulizwa. Anayekasirika, mimi ningemwacha.

Ikiwa unashuku kwamba mdogo wako atahitaji dawa, fahamu kwamba mwanasaikolojia haandiki dawa. Hiyo ni kazi ya daktari wa magonjwa ya akili, na hospitali ya Port Reitz ina kitengo cha huduma hiyo, hata kama vikao vya mazungumzo mtaviendeleza kwa mtaalamu wa binafsi kule Nyali au mjini. Uliza mapema ada ya kikao, na kama bima yenu italipa, kwani nyingine hudai kwanza barua ya daktari. Na akitaja kutaka kujidhuru, usingoje miadi: mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.