Gitaa likiwa safi ni bati, likiwa na distoshini ni nyuki: jibu kutoka Mtwara

Mkuu wa Lindi, umeuliza kwa nini gitaa lako likiwa safi linalia kama bati, na ukiweka distoshini (mkwaruzo wa sauti) linavuma kama nyuki. Umesema unataka sauti ya bluzi ile ya katikati, yenye joto, inayokwaruza pale tu unapokaza mkono. Nimeihangaikia miaka mitatu hapa Mtwara, nikipiga kanisani na kwenye maharusi. Kosa langu lilikuwa kuisaka kwenye pedali (vile visanduku vya kukanyaga vya kubadili sauti), kumbe ipo kwenye nobu ya volyumu ya gitaa, ile tunayoifungua hadi mwisho na kuisahau.

Chomeka gitaa kwenye ampu bila pedali. Chagua pikapu ya shingoni, yaani kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi upande wa shingo (si ya kubebea korosho), volyumu ya gitaa 10. Gaini ya ampu, nobu inayoongeza mkwaruzo, ianzie sifuri. Piga kodi ya A7 kwa nguvu, kama mtu mwenye hasira, huku unaiongeza kidogo kidogo. Ikianza tu kukwaruza, acha hapohapo. Sasa shusha volyumu ya gitaa hadi 6 au 7, upige A7 ileile kwa mkono mwepesi: imesafika. Kaa hapo. Ukikaza pleki inachafuka kidogo, na solo ikifika unafungua hadi 10 kwa kidole cha mwisho, bila kukanyaga kitu.

Hayo ni kwa ampu ya valvu, ambayo ikizidiwa hukata vilele vya sauti polepole. Ya transista hukata ghafla, na nyuki wako wanatokea humo. Kama yako ni ya transista, iache safi kabisa, kisha weka pedali ya aina ya Tube Screamer, inayokwaruza kwa upole, nobu yake ya draivu (kiasi cha mkwaruzo) iwe chini ya robo. Inapunguza besi na kuinua midi (sauti za katikati), ndiyo maana gitaa halizami kwenye bendi.

Midi, midi, midi! Kuna harusi Mikindani niliyoenda na mpangilio wa ampu niliouweka chumbani usiku, kwa sauti ya chini, besi 7. Ukumbini nikafungua, ikawa ngurumo tupu. Mpiga besi alinikodolea macho mpaka keki ikakatwa. Sikio husikia besi kidogo sauti ikiwa chini, kwa hiyo chumbani unajiongezea bila kujua. Siku hizi besi naweka 3, midi 6, na napanga kwa sauti ileile nitakayopigia.

Mvumo unaosikia ukiwa kimya huenda ni pikapu ya koili moja inanasa umeme wa 50 Hz. Geuka kidogo uliposimama, utapungua.

Pedali mpya subiri kwanza. Kwa upepo huu wa bahari nyuzi zinashika kutu upesi, sauti inafifia, nawe unailaumu ampu. Nunua seti ya nyuzi za 10–46 (unene wake), na kila ukimaliza kupiga zifute kwa kipande cha kanga kikavu.

Ukishajaribu, rekodi kwa simu utuwekee hapa. Simu ikae mbali na spika, la sivyo itakayokwaruza ni simu.