Mama wa sauti ya kwanza hakuchelewa, kompyuta ndiyo iliyochelewa

Chumba ninachorekodia kipo Soweto, hapa Mbeya. Magodoro mawili yameegemea ukuta, blanketi limening'inia mlangoni, na laptopu yangu imekaa juu ya stuli. Kipindi cha ile baridi ya Juni walikuja waimbaji watano wa kwaya na mwalimu wao, wakitaka nyimbo mbili. Mmoja alikuwa mama wa sauti ya kwanza, sauti safi kabisa, lakini kila nikimsikiliza kwenye rekodi namkuta yuko nyuma ya kinanda.

"Mama, samahani, naomba uwahi kidogo."

Akarudia. Yuko nyuma. Akarudia tena. Mara ya saba akavua hedifoni, akaiweka mezani taratibu. "Mwanangu, mwalimu yupo hapa, muulize kama amewahi kuniambia nachelewa. Hebu kagua hiyo mashine yako."

Nilikagua walipokwisha kuondoka, maana mbele yao nilikuwa najifanya najua. Nikalikuza lile wimbi la sauti kwenye skrini, nikalilinganisha na kinanda. Neno la kwanza lilikuwa nyuma kwa kama milisekunde 90 (sekunde moja ina milisekunde 1,000). La pili hivyohivyo. Kiitikio, hivyohivyo. Mwanadamu hachelewi namna hiyo. Mwanadamu huchelewa sana hapa, kidogo pale, na mahali pengine anawahi kabisa. Anayechelewa kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho ni mashine. Ukishika kipimo hiki kimoja utaokoa muda mwingi, na pengine urafiki.

Ili uone ukubwa wa milisekunde 90: sauti husafiri hewani kama mita 343 kwa sekunde, yaani milisekunde 3 kwa kila mita. Kumchelewesha mtu kwa 90 ni sawa na kumsimamisha mita 30 kutoka kwenye spika. Milisekunde 10 hazimsumbui mtu sana, maana ni umbali wa mita tatu na ushee, na kwaya hukaa hivyo kila Jumapili.

Kosa langu lilikuwa la kijinga. Nilikuwa natumia draiva (programu inayoiunganisha kompyuta na kifaa cha sauti) ya kawaida ya Windows, ileile inayopigia video, na tangu nilipoweka FL Studio, programu ninayorekodia, sikuwahi kufungua mipangilio ya sauti. Draiva hiyo hupitisha sauti kwanza kwenye kichanganyio cha Windows, ambako inakutana na milio ya meseji na kila kitu kingine. Kwa kutazama filamu haina neno, kwa kurekodi inakuangusha. Ndiyo sababu kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilitoa ASIO mwaka 1997, njia ya mkato kati ya programu ya muziki na saundi kadi. Kama intafesi yako, yaani saundi kadi ya nje unayochomekea maiki, ina draiva yake ya ASIO kwenye tovuti ya aliyeitengeneza, weka hiyo kabla ya nyingine yoyote. Intafesi nyingi za bei rahisi hazina. Hapo utatumia ASIO4ALL, ya bure, au FL Studio ASIO inayokuja na programu yenyewe. Ila ujue ASIO4ALL inakaa juu ya draiva ya Windows iliyokuwepo, haiigeuzi saundi kadi dhaifu kuwa bora. Pia inapenda kuimiliki saundi kadi peke yake: ukiona imeweka alama nyekundu kwenye kifaa chako, mara nyingi kuna kivinjari kimefunguliwa na video inaendelea humo. Kifunge, ujaribu tena.

Baada ya draiva inakuja bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulipitisha, na hapa ndipo vijana wengi wanaokuja kwangu wanapopotea. Nenda pale Kabwe uangalie magari. Bajaji inajaza watu wake watatu na kuondoka. Coaster inasubiri mpaka ijae, ukiwahi kupanda umekula hasara. Bafa ni gari, sampuli, yaani vile vipande vidogo vidogo vya sauti, ni abiria. Bafa ya sampuli 1,024 kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde inasubiri milisekunde 23 hivi kabla ya kuondoka. Ya 256 inasubiri karibu 6. Ya 128 inasubiri 2.9 tu. Na safari ni mbili, ya kuingia kutoka kwenye maiki na ya kurudi masikioni, ukiongeza na muda wa saundi kadi yenyewe. Kwa hiyo ile namba ndogo unayoonyeshwa kwenye skrini usiiamini yote.

Mbona basi tusitumie 64 siku zote? Kwa sababu bajaji zikiwa nyingi, anayepakia hapumziki. Akigeuza shingo kidogo tu gari linaondoka tupu, na gari tupu ndiyo ule mkwaruzo, *tk tk*, unaousikia katikati ya ubeti. FL Studio huhesabu makosa hayo kwenye ukurasa wa mipangilio ya sauti. Angalia namba ile unapocheza wimbo. Ikipanda, sikio lako halijakudanganya.

Mimi nilishuka hadi 128, nikapata mikwaruzo kila baada ya sekunde kadhaa. Watu wakanishauri ninunue kompyuta mpya. Wiki nzima nikapiga hesabu ya kuuza kinanda changu. Kilichoniokoa ni programu ndogo ya bure inayoitwa LatencyMon. Unaiwasha, unaiacha dakika kumi hivi huku wimbo ukipiga, halafu unafungua orodha ya madraiva na kuipanga kwa muda mrefu zaidi ambao kila moja iliishikilia prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Kwangu aliyekaa juu alikuwa draiva ya Wi-Fi. Mara moja moja ilikuwa inaishika prosesa kwa zaidi ya milisekunde 4. Sasa piga hesabu: bafa ya 128 inatoa nafasi ya 2.9 tu. Prosesa ilikuwa na nguvu za kutosha, ila kuna mtu alikuwa anaisimamisha njiani kupiga soga.

Nikabofya kulia alama ya Windows, nikafungua Device Manager, nikaizima adapta ya Wi-Fi. Mikwaruzo ikaisha palepale. Niliizima huko kwenye Device Manager kwa sababu kukata mtandao tu hakutoshi kila mara. Draiva inaweza kubaki inaamka kutafuta mtandao. Kwako mwenye kosa anaweza kuwa mwingine, labda Bluetooth, labda kadi ya picha. Usizime kitu kwa sababu mimi nimekizima, pima kwanza.

La pili ni umeme. Laptopu ikiwa kwenye betri hujibana, prosesa inapunguza kasi ili chaji idumu. Umeme ukikatika katikati ya kurekodi, na hapa kwetu unajua, wimbo uliokuwa unapita vizuri unaanza kukwaruza bila wewe kugusa kitu. Weka mpangilio wa umeme kwenye utendaji wa juu, na uzime ile ruhusa ya Windows kulaza milango ya USB. Intafesi ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, usipitie kigawanyio mnachochangia na mausi na chaja ya simu.

Ukisikia mngurumo usiokatika, *mmmm*, hilo si suala la draiva hata kidogo. Chomoa chaja ya laptopu usikilize. Mngurumo ukipotea, ni umeme wa ukutani unaoingia kwenye nyaya, na bafa yoyote utakayoweka haitausaidia.

Hedifoni za Bluetooth sitaki kuziona kwenye kurekodi. Nyingi huongeza milisekunde mia moja na zaidi zenyewe, kabla kompyuta haijafanya lolote. Tumia za waya, hata za bei ya chini za Mwanjelwa.

Na jamani, plagini, zile programu ndogo za kurekebisha sauti ndani ya FL Studio. Kijana analeta projekti yake, tayari ameweka limita na ikwalaiza nzito kwenye chaneli kuu, halafu anataka kurekodi sauti juu yake. Baadhi ya plagini hizo huchungulia mbele ya wimbo, na ili zichungulie lazima zicheleweshe kila kitu. Zizime, rekodi, ndipo uziwashe. Kama intafesi yako ina swichi ya kumsikilizisha mwimbaji moja kwa moja kutoka kwenye maiki, itumie: sauti yake haipiti kwenye kompyuta kabisa, ingawa atajisikia mkavu bila mwangwi.

Bado kuna jambo moja. Mwimbaji anaweza kujisikia vizuri masikioni, lakini rekodi ikawekwa nyuma kwa sababu draiva inaidanganya programu kuhusu muda wake. Ndicho kilichompata yule mama. Jipime hivi: piga mlio wa metronomu, ule wa kuhesabu mapigo, kwenye hedifoni, ziweke juu ya maiki, rekodi, kisha angalia mlio uliorekodiwa uko mbali kiasi gani na ule wa asili. Kiasi hicho ndicho utakachosogeza rekodi zako zote. Kazi hii naifanya mvua ikinyesha, maana kuanzia Novemba bati likianza kugongwa hakuna sauti ya mtu inayorekodika kwangu.

Siku hizi narekodi kwa 128, nikifika kwenye kuchanganya napandisha hadi 1,024 na kurudisha Wi-Fi. Yule mama nilimpigia simu kuomba radhi. Akacheka, akaja Jumamosi na chupa ya chai ya maziwa, akaimba nyimbo zote mbili mara moja moja. Nilipokuza wimbi, maneno yalikuwa yamekaa juu ya kinanda. Isipokuwa ubeti wa tatu, ambapo alichelewa, kidogo hapa, zaidi pale. Huo nimeuacha hivyohivyo.