Shangazi, binti yangu hataki tena safari ya Njombe

Mama mmoja wa Kimara ameniandikia. Kila Desemba mume wake anawapakia yeye na watoto watatu kwenye gari kwenda kwa wazazi wake Njombe, na sharti wafike siku hiyohiyo. Mwaka jana mdogo alitapika kuanzia mlima wa Kitonga hadi Iringa. Mkubwa, binti wa miaka 13, siku zake zilimjia njiani. Akaomba wasimame, baba akamwambia ajikaze, wako ndani ya hifadhi ya Mikumi. Kwa bibi yake alishuka gauni limechafuka, amejifunga khanga ya mama. Sasa hataki hata kusikia habari ya safari, na baba anasema watoto wa mjini wamedekezwa. Mama anauliza: apande nao basi, au mwaka huu wabaki Dar?

Mwanangu, nianze na huyo binti, maana mengine yote yana dawa nyepesi.

Barabara inakata hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na mle hushuki garini ovyo, kuna wanyama. Hapo mumeo alikuwa sahihi. Lakini hifadhi iliisha, mkafika Mikumi mjini penye vituo vya mafuta na migahawa, na bado akapitiliza. Mtoto amekaa saa nyingi juu ya aibu yake, kisha akashuka mbele ya ukoo mzima. Mimi ningeshangaa kama angeshangilia kurudi.

Zungumza na mumeo mkiwa wawili, watoto wamelala. Mweleze waziwazi kilichompata binti, bila kuzungukazunguka, kwa sababu huenda mpaka leo hajui. Baba wengi wakisikia "tumbo linamuuma" wanaishia hapohapo. Akishajua, aende mwenyewe kwa binti yake amwombe radhi. Wewe usimwombee. Amwambie: "Mwanangu, nilikosea. Ukisema simama, nitasimama." Na akishasema, asimame kweli. Begi lako la mkononi liwe na pedi, nguo ya ndani na gauni la akiba, binti ajue liko wapi bila kuuliza mbele ya wadogo zake.

Basi silipendi kwa safari hii. Abiria wote wakishushwa porini kuchimba dawa, msichana wa miaka 13 ataingia kichaka gani?

Sasa njia yenyewe. Dar mpaka Njombe ni kama kilomita 700. Weka vibao vya 50 kila kijiji, weka malori yanayopanda Kitonga kwa kujivuta, hata mkitoka alfajiri mtaingia usiku, dereva amechoka na watoto wamevurugika. Laleni Iringa. Najua atasema ni gharama. Chumba cha kawaida cha usiku mmoja ni nafuu kuliko dereva anayesinzia na wanawe nyuma.

Na umwambie hili kwa upole, kwa sababu naamini anawapenda: anataka wanawe waipende kwao, halafu anawapitisha kwao gizani. Wasimame Ruaha Mbuyuni waishike mibuyu, wachague vitunguu vya kumpelekea bibi. Asubuhi ya pili wapite Kalenga, karibu tu na mji wa Iringa, wakalione fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Binti yako anamsoma Mkwawa darasani, na baba yake ndiye wa kumwonyesha. Kutoka hapo wataingia misitu ya misonobari ya Mafinga mchana kweupe, Makambako, kisha ile baridi ya Njombe ambayo mumeo ameikulia.

Huyo mdogo asinywe soda wala maziwa kabla ya Kitonga. Chai ya rangi na mkate mkavu vinatosha. Akae dirishani, simu iwekwe mbali, atazame mbele barabarani, na mfuko uwe karibu.

Umeniuliza pia mama mkwe atasemaje mkichelewa kwa siku nzima. Mpigie leo, usisubiri mumeo ampigie. Mwambie mtafika siku ya pili mchana, watoto wameshalala na kula vizuri. Na kama mnaelewana kama ulivyoandika, mdokeze kuhusu mjukuu wake, ili binti atakaposhuka garini, bibi awe wa kwanza kumchukua ndani.