Pamba ndani ya boksi la sabufa: maswali yenu

Maswali mengi safari hii ni ya kujaza pamba kwenye boksi la sabufa ya gari lililozibwa kabisa, lile lisilo na tundu la kupitisha hewa, kwahiyo nimeyaweka pamoja.

Fundi kaniambia tukijaza pamba boksi langu la lita 25 linakuwa kama la lita 35. Kweli hiyo?

Ukweli upo ila chumvi imezidi. Iko hivi, koni (ile sehemu ya spika inayocheza mbele na nyuma) ikirudi ndani inabana hewa, na hewa ikibanwa ghafla inapata joto kidogo, lile joto linapandisha presha, sasa boksi linakuwa gumu na linaisukuma koni utadhani ni dogo kuliko lilivyo. Ukiweka nyuzinyuzi mle ndani zinanyonya lile joto, halafu hewa ikitanuka zinalirudisha, presha haipandi sana na koni inajiona iko kwenye boksi kubwa zaidi. Kwenye hesabu za karatasi ukomo ni asilimia 40 na hapo ndo fundi wako kaitoa hiyo 35, lakini hiyo ni kama nyuzi zingemeza joto lote, kitu ambacho hakitokei. Kwenye buti la gari tegemea asilimia 10 mpaka 20, yaani lita zako 25 zitajifanya 28 hivi, ukibahatika 30. Na wala sio mambo mapya, Edgar Villchur kule Marekani alitoa spika yake ya AR-1 mwaka 1954, boksi dogo limezibwa, ndani faibaglasi, na besi ikafika noti za chini zaidi kuliko maboksi mengi makubwa ya enzi hizo.

Atakayefaidi zaidi ni mwenye boksi dogo kuliko sabufa inavyotaka, ile besi inayopiga bum bum noti ileile kila wimbo. Kwa wanaopenda namba, Qtc (kipimo cha jinsi boksi linavyoidhibiti koni) ikiwa juu ya 1 pamba inaisogeza kuelekea 0.7 ambapo mlio unanyooka. Kama boksi lako tayari lina saizi yake, ukijaza utaona besi imekuwa nyembamba na utanilaumu mimi.

Kiasi gani sasa? Nijaze mpaka ikaze?

Usikaze! Pima ndani ya boksi kwa sentimita, urefu mara upana mara kimo, gawanya kwa 1000 unapata lita. Anza na gramu 8 kwa kila lita, kwahiyo lita 25 ni gramu 200, mzani wa dukani unatosha. Ichambue kwa mikono kwanza isikae mabonge, sambaza, funga, sikiliza nyimbo unazozijua vizuri. Ongeza kidogo kidogo, wengi wanaishia kabla ya gramu 16 kwa lita. Ukishindilia, pamba yenyewe inaanza kula nafasi ya hewa na unarudi ulikotoka.

Nina mto wa zamani wa sufi, naweza kuutumia?

Uache. Pamba ya shambani inashika unyevu, hasa kwa sisi wa Pwani, na sufi nayo baada ya muda inajikusanya chini, na vile vinyuzi vya sufi vinaruka sana. Nunua ile pamba nyeupe ya polista wanayojazia mito ya makochi, bei yake ya kawaida tu. Faibaglasi inafanya kazi vizuri lakini inawasha balaa, vaa glavu na barakoa.

Yoyote utakayotumia, angalia nyuma ya sumaku. Sabufa nyingi zina kitundu pale cha kupumua, nyuzi zikiingia zinafika kwenye koili (waya uliozungushwa unaoisukuma koni) na utaanza kusikia mkwaruzo. Gundisha kipande cha chandarua kati ya pamba na sabufa, basi.

Boksi langu lina tundu, nijaze pia?

Hapana. Bitana nyembamba ukutani haina shida, ila ukijaza unaua kazi ya tundu, na pamba itakutokea nje.

Nimebandika sponji la trei la mayai ndani nzima, mbona sisikii tofauti?

Kwasababu wimbi la besi ya 50 Hz (mitikisiko 50 kwa sekunde) lina urefu wa karibu mita 7 na boksi lako ndani halifiki hata nusu mita. Hakuna mwangwi wa kuua humo, sponji hilo linasaidia spika za sauti za kati. Limependeza lakini.

Nimejaza vizuri kabisa na besi bado dhaifu.

Kabla ya kuilaumu pamba tafuta uvujaji. Zima redio, sukuma koni taratibu kwa viganja viwili halafu achia, ikirudi polepole boksi limeziba, ikirudi papo hapo kuna hewa inatoka, mara nyingi ni pale nyaya zinapopita au kwenye kona za MDF (ubao wa vumbi la mbao lililobanwa) ambazo fundi alipaka gundi kwa haraka. Silikoni inamaliza. Angalia pia nyaya za sabufa, ukiwa na sabufa mbili halafu moja nyaya zake za chanya na hasi zimegeuzwa, sabufa zinauana zenyewe kwa zenyewe, hapo hata ujaze magodoro.

Ampu yangu ina nguvu nyingi kuliko sabufa, pamba itailinda?

Kinyume chake. Hewa ngumu ya boksi dogo ndo ilikuwa inaizuia koni isitoke sana, ukiilainisha kwa pamba koni inasafiri mbali zaidi kwenye besi za chini kabisa. Ukishajaza, rudi kwenye ampu ushushe geini (kile kitufe cha kuongeza nguvu) kidogo, halafu ipandishe taratibu, na ukisikia kitu kinagonga ndani ya sabufa rudi nyuma hapo hapo.